Panya Walioshiba Mkate

2 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza pamoja na matusi.

Fundi Saa alikuja kulichukua dume lake. Alikuja na foronya ileile ya maua aliyolileta nayo, maana nyoka husafirishwa kwa foronya, hapumui vibaya wala hagongi pua. Dume limekaa kwangu majuma sita na Mkufu, nimewaona kwa macho yangu mara nne wamejisokota pamoja, kazi imekwisha. Nikamtengea mgeni chai. Badala ya kunywa, akainama mbele ya kizimba cha kioo, akamtazama Mkufu kama anavyotazama saa iliyosimama, halafu akasema:

"Shemeji, huyu amenenepa mno."

"Ana mimba."

"Mimba bado, shemeji. Haya ni mafuta. Tazama shingoni, ana mikunjo. Nyoka aliyenyooka hafai kuwa na mikunjo."

Nimelilisha dume lake majuma sita. Nimepika chai, nimeweka vipande vinne vya keki. Halafu ananikalia sebuleni kwangu na kunitukania mnyama. Keki, hata hivyo, alikula vipande vyote vinne.

Naandika haya ili yakae mahali. Mkufu ni chatu wa ile aina ndogo, wanaojikunja kama mpira wakiogopa. Marehemu mume wangu alimleta akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, na leo ana miaka kumi na minne. Mume wangu ana miaka minne ardhini. Kila mwaka alikuwa akisema hatakufa kabla ya kumwona mtoto wa Mkufu, akafa. Mwaka jana nikaamua nitamwona mimi kwa niaba yake. Nikaazima dume la Fundi Saa, rafiki yake wa tangu ujana, na yakatoka mayai tisa, yote viza, ya manjano kama nta. Mwaka huu nimerudia. Makubaliano ni yaleyale: watoto wakianguliwa, mwenye dume anachagua kwanza, wengine wangu. Mimi nataka mmoja tu. Na daktari alishaniambia mwaka jana kwamba kwa umri wa Mkufu hii ndiyo mara ya mwisho.

3 Machi

Mvua. Bado nina hasira.

7 Machi

Nimetoka kazini saa tisa na gunia langu la Jumamosi. Hii ndiyo faida ya kuoka mikate miaka ishirini na moja: mikate iliyolala, biskuti zilizovunjika, keki zilizopasuka juu, yote msimamizi ananiachia. Nyumbani nina mabeseni saba yenye wavu juu, kwenye stoo ya nyuma, na ndani yake panya wanaojua maisha. Panya wa watu wengine wanaguguna nafaka kavu kama wafungwa. Wangu wakisikia gunia linaburutwa wanasimama kwa miguu miwili.

Mkufu amekula wawili. Wakubwa.

Nilichungulia daftari la marehemu, lile alilokuwa akiandika habari za Mkufu. Kila ninapolifungua napandwa na hasira upya. "Panya 1. Amekula." Majuma matatu yanapita. "Panya 1. Amekula." Majuma matatu tena! Mtu mpole vile, kwa kiumbe alichodai kukipenda, mchoyo hata wa maneno, kama vile wino anauomba kwa jirani. Na katikati ya ukurasa orodha zake za sokoni, mtama, mchicha, karoti, dagaa robo, bila hata mstari wa kutenganisha. Hakuna aliyewahi kukaa na njaa katika nyumba ninayopika mimi. Tangu alipokufa hakuna pa kupeleka mkono wangu isipokuwa kwa mama yake, ambaye anakula kama shomoro, na kwa Mkufu. Basi Mkufu anakula.

12 Machi

Nimempeleka Mkufu kwa daktari wa mifugo. Yule wa zamani amehama, sasa kuna binti mwenye miwani, umri wa mwanangu kama ningekuwa naye. Akamweka Mkufu kwenye mizani. Kilo tatu na nusu.

"Mama, kwa aina hii nilitegemea mbili. Anakula nini?"

"Panya wawili kila wiki."

"Na hao panya wanakula nini?"

"Daktari, nimekuletea nyoka. Sikukuletea panya."

"Lazima niulize, mama."

"Uliza yanayomhusu huyu aliye mezani."

Akaandika kitu kwenye karatasi. Akasema nisimpe chakula tena mpaka atage, na baadaye panya mmoja mdogo kila baada ya majuma matatu au manne. Mjamzito! Nikamuuliza mama yake alikula mara ngapi alipombeba yeye. Akacheka kwa adabu, jambo lililoniudhi kuliko kama angejibu.

15 Machi

Panya wawili wamekufa. Unyevu huu.

20 Machi

Mkufu amevimba katikati ya mwili, kama amemeza ngumi. Ndiyo dalili yenyewe, mayai yameshuka. Nimemwita mama mkwe aje aone. Amesimama mlangoni, kama kawaida yake, mkono kwenye fremu, tayari kukimbia.

"Naona," akasema. "Mwambie hongera."

"Mwambie mwenyewe, mama."

"Hongera," akamwambia nyoka, kisha akarudi jikoni haraka.

22 Machi

Mvua mchana kutwa. Unga umeshika unyevu, mikate yote ya asubuhi imekaa kama mito ya kulalia. Msimamizi amenisema mimi, kama vile mawingu nimeyaleta kwa gunia.

28 Machi

Leo nimesema ukweli hadharani, na sijutii.

Mama mkwe alitoka kwa fundi cherehani akaniletea habari kwamba mtaani wanasema nyoka wa mwoka mikate amenenepa hata hawezi kujikunja. Neno hilo limetoka wapi kama si kwa yule aliyekula keki yangu? Nikavaa viatu vya mvua, nikaenda moja kwa moja kibandani kwake. Alikuwa na wateja watatu, na kile kioo chake kimoja jichoni.

"Fundi! Badala ya kutangaza unene wa nyoka wa watu, watangazie wateja wako kwamba dume lako ni tasa."

Akakiondoa kioo jichoni, akakiweka juu ya kitambaa polepole.

"Shemeji, sikutangaza. Waliniuliza nikajibu."

"Mayai tisa mwaka jana! Hata moja lenye uhai hakuna. Dume gani hilo? Sanamu ya dume!"

"Dume hilohilo lilimpa jike wa mwalimu wa hesabu watoto saba, mwaka uleule. Wote wako hai, ukitaka twende ukawaone."

"Basi lilizimaliza nguvu huko!"

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Akakirudisha kioo jichoni. Nimemfahamu mtu huyu miaka thelathini, ndiye aliyeshika jeneza upande wa kushoto, lakini ukweli ni ukweli.

Nyumbani nikamsimulia mama mkwe, nikidhani ataniunga mkono. Akaendelea kupepeta mchele.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," akasema.

"Mbaazi ni nani, mama?"

"Nasema tu. Mimi mzee."

1 Aprili

Panya jike amezaa watatu. Zamani walikuwa wakizaa kumi, kumi na mbili. Mvua hii itatumaliza sote.

5 Aprili

Mkufu amejivua gamba, la mwisho kabla ya kutaga. Zamani lilikuwa likitoka zima kama soksi, mpaka vifuniko vya macho, na marehemu alikuwa akilitundika ukutani. Leo limetoka vipandevipande, jingine limebaki mkiani, na jicho la kulia lina utando. Nimemkanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu nusu saa. Ngozi chini haing'ai.

Nimehesabu siku. Mwezi mmoja kuanzia leo.

9 Aprili

Amekataa kula. Naijua amri ya daktari, ya yule binti wa miwani, lakini nilimchagulia panya laini kuliko wote. Akamnusa, akageuza kichwa. Kichwa kageuziwa nani? Mimi!

11 Aprili

Amekataa.

13 Aprili

Amekataa. Mama mkwe anasema mimba ya mume wangu ilimkataza hata harufu ya maji. Nikamwambia lakini alizaa mtoto mzima. "Nilizaa," akasema, "kwa sababu hakuna aliyenishikia kijiko mdomoni."

Sijui leo kila mtu ana nini na mimi.

18 Aprili

Panya dume mkubwa ana kipara mgongoni na manyoya yake yamegandamana kama yamepakwa siagi. Nimewaongezea biskuti.

19 Aprili

Nimepishana na Fundi Saa sokoni. Ameniamkia, "Hujambo, shemeji." Nimesema sijambo kwa kidevu. Alikuwa amenunua fungu la mchicha kubwa kuliko la mtu anayeishi peke yake. Nikajiambia, huyo naye kazeeka, hajui tena kununua.

27 Aprili

Amejizungusha kwenye kona ya joto, hasogei. Ukimgusa tumboni unahisi uvimbe mmoja baada ya mwingine. Nimejaribu kuhesabu. Tisa? Kumi? Nimeweka majani makavu ya kutagia. Naongea naye nikipita. Namwambia mmoja tu, mama, nipe mmoja.

5 Mei

Nimerudi kazini saa tisa na kumkuta ameanza. Mayai manne yako kwenye majani.

Sikuvua hata koti. Matatu ni ya manjano, madogo, yamekunjamana, ukiyabonyeza yanabaki na alama ya kidole. Viza. Nilisikia damu inapanda kichwani, jina la Fundi Saa likiwa tayari mdomoni. La nne lilikuwa kubwa na jeupe. Nikachukua tochi, nikalimulika kwa chini. Ndani kulikuwa na mishipa. Myembamba, myekundu, imetandaa kama mizizi ya mche.

Nimepiga kelele. Mama mkwe kaja mbio akidhani nimeumwa. Nikampa tochi, akatazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne aliingia chumba kile kwa miguu yote miwili.

Bado ana mengine tumboni. Nasubiri.

6 Mei

Hajataga. Nimeomba ruhusa kazini. Tumbo linajikaza, linalegea, linajikaza, hakuna kitu. Anafungua mdomo kama anataka hewa.

Jioni: hakuna.

7 Mei

Naandika nimekaa benchi la kliniki.

Asubuhi alikuwa amelegea. Mvua inamwagika kama imepasuka huko juu, na mimi nazunguka chumba nikitafuta kikapu kisichovuja. Nikasikia hodi. Ni Fundi Saa, ameloa mpaka kwenye nyusi, mkononi ana sanduku la mbao lenye blanketi na chupa ya maji ya moto. Nyuma yake mama mkwe, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Bibi wa miaka sabini na tisa, magoti mabovu, ametoka kwenye mvua ile kumwita mtu niliyemtukana mbele ya wateja, kwa ajili ya nyoka anayemwogopa.

"Shemeji, twende," Fundi akasema. Hakuna jingine.

Njia nzima nilimsubiri aseme kitu kuhusu siku ile, nipate kumjibu. Hakusema. Hata nafasi ya kujitetea alininyima.

Daktari alipapasa, akatikisa kichwa. Mayai matano yamekwama. Misuli haina nguvu ya kusukuma, na mafuta yamebana njia. Akaingiza sindano, akayavuta maji ya ndani yanywee, na matatu yakatoka yamesinyaa. Mawili yakakataa kabisa. Akasema lazima apasue.

Saa moja na dakika ishirini. Fundi alikuwa na saa tatu mfukoni, zote zimesema hivyo.

Alitoka akivua glavu. Mkufu yuko hai. Mayai yote matano viza. Halafu akakaa kwenye benchi, upande wangu, akaivua na miwani.

"Nimeliona ini lake, mama. Limejaa mafuta. Linapauka. Sasa nakuuliza tena, na safari hii unisaidie. Panya wanakula nini?"

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimeuficha tangu Machi. Nikasema. Mikate iliyolala. Biskuti. Keki.

"Tu?"

"Na maandazi, yakibaki."

"Kwa muda gani?"

"Miaka minne."

Fundi Saa alikuwa akitazama sakafu. Nilimshukuru kwa hilo na nikamchukia kwa hilo pia.

"Kesho niletee panya mmoja," daktari akasema. "Na wewe, fundi, niletee wako."

8 Mei

Visahani viwili vyeupe, vya chai. Sitaviona visahani tena kwa jicho la zamani.

Panya wangu alikuwa mkubwa, nilimchagua kwa fahari hata leo, nikijua ninapompeleka. Wa Fundi alikuwa mwembamba, manyoya yamelala vizuri, macho yanang'aa. Daktari aliwaua wote wawili kwa haraka bila kuwatesa, akawafungua, akayatoa maini, akaliweka kila moja kwenye kisahani chake.

La panya wa Fundi lilikuwa jekundu la kuiva, kingo zake nyembamba. La panya wangu lilikuwa la manjano. Limevimba, limeacha ute kwenye kisahani, na daktari alipoligusa kwa ncha ya kisu lilikatika lenyewe. Rangi ileile ya yale mayai. Miaka ishirini na moja nimeshika siagi, naijua nikiiona.

"Nyoka hali mkate, mama," daktari akasema, tena kwa upole, laiti angefoka. "Lakini huyu amekula mkate miaka minne. Panya ameula kwanza, yeye akamla panya. Mafuta yamepita, vitamini hazikupita kwa sababu hazikuwemo. Na yai hujengwa kwa kile mama alichonacho mwilini. Hakuwa na cha kulijengea."

"Na lile jeupe?"

"Alikusanya alichokuwa nacho chote, akaliweka mle."

Nilitoka nje. Nilisimama chini ya paa la bati nikiwa na hasira kiasi kwamba sikujua niielekeze wapi. Mvua? Daktari aliyeuliza tangu Machi? Fundi, ambaye aliniambia tarehe mbili, mdomo ukiwa na keki yangu?

9 Mei

Nimelifungua tena daftari la marehemu. Sikulitafuta kwa wema, nilitaka kuona kama na yeye alikosea mahali.

"Panya 1. Amekula." Chini yake: mtama, mchicha, karoti, dagaa robo. Majuma matatu. "Panya 1. Amekula." Mtama, mchicha, dagaa robo.

Nikamwita mama mkwe.

"Mama, mwanao alikuwa akinunua mchicha?"

"Yule? Mchicha hakuugusa tangu anaota meno. Dagaa ndiyo kabisa, akisikia harufu anatoka nje."

Nimekaa na mume yule miaka ishirini na sita. Nimempikia kila siku. Najua hali mchicha, najua hali dagaa, na bado niliuona mchicha na dagaa kwenye daftari lake mara mia nikasema ni orodha ya sokoni. Kilikuwa chakula cha panya. Alikuwa akiandika walichokula panya kabla hawajaliwa, na mimi nikamwita mchoyo. Alikuwa akikinunua akitoka kazini kwake na kuwapa huko stoo kabla sijarudi, kwa sababu nilikuwa nimekataza dagaa ndani ya nyumba.

Na yeye pia nimemkasirikia. Angeandika neno moja tu! "Panya wamekula:" Maneno mawili! Mtu anakufa anaacha daftari la mafumbo na mjane anayeoka mikate, alitegemea nini?

Lakini hayo ni maneno. Jicho lililoshindwa kusoma ni langu. Nyani haoni kundule, na mimi nilisimama kibandani kwa mtu nikicheka la kwake. Mkufu hakuomba wawili kila wiki. Mimi ndiye niliyekuwa na njaa ya kulisha.

10 Mei

Nimewaondoa panya wote wa mabeseni saba. Daktari amesaidia kuwaua bila kuwatesa. Yai jeupe liko kwa Fundi, kwenye sanduku lake la balbu la kutotoleshea. Amenipa jike mmoja mwenye mimba, pamoja na mfuko wa mtama. Sikusema asante vizuri. Nilisema, "Mfuko huu umetoboka."

16 Mei

Msimamizi: "Mama, gunia lako?" Nimemwambia awape wenye nguruwe, tena awaulize nguruwe kwanza.

21 Mei

Jike amezaa kumi na mmoja.

30 Mei

Mkufu hajala tangu Machi. Daktari anasema ini lililochoka linaogopa njaa kama linavyoogopa shibe. Tunampa maji ya dawa kwa bomba, mimi nashika kichwa, mama mkwe anashika mkia. Naam, anashika. Amevaa soksi mikononi.

6 Juni

Mvua imepungua. Hajala.

14 Juni

Mkufu amekufa asubuhi, kabla sijaenda kazini. Alikuwa kwenye kona ya joto, kichwa juu ya mkunjo wake mwenyewe, kama kawaida.

Mama mkwe ameketi naye chumbani mpaka niliporudi. Tumemzika nyuma ya stoo, kwenye foronya yangu mpya, si ile kuukuu. Fundi alichimba. Nilipofungua mdomo kumwambia lile ninalodaiwa tangu Machi, akanitangulia. Akasema, "Shika koleo, shemeji, ardhi imelowa," nikashika.

Hakuna aliyemuua isipokuwa mkono uliompenda. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, na sitaki mtu anibembeleze.

3 Julai

Yai limepasuka!

Fundi alituma mtu kazini. Nilikuta pua imechungulia kwenye mpasuko, haizidi punje ya mahindi, inatulia, inarudi ndani, inachungulia tena. Nilikaa kwenye kigoda cha wateja saa tatu na aproni yangu ya unga. Mteja mmoja aliniuliza bei ya mkanda wa saa, nikamwambia anyamaze.

4 Julai

Ametoka mzima. Amejikunja kwenye kiganja cha Fundi na nafasi ikabaki. Alama ya dhahabu shingoni, ileile ya mama yake.

Mtoto ni mmoja. Na makubaliano ni kwamba mwenye dume anachagua kwanza.

"Nachagua huyu," Fundi akasema.

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Nikamwambia Mkufu alikuwa wa mume wangu, nikamwambia miaka kumi na minne, nikamwambia rafiki gani huyu. Alinisubiri mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nilimpenda mumeo," akasema. "Na Mkufu nilimwona akinenepa mwaka baada ya mwaka nikanyamaza, kwa sababu ya keki na heshima. Nikasema mara moja tu, nikaishia kula keki. Na mimi nimemuua. Sirudii. Nitakaa naye mpaka utakaponiletea panya wako."

"Panya wa nini?"

"Unajua wa nini."

Nimerudi nyumbani nikipiga teke kila jiwe. Namna gani mtu anakuwa na haki namna ile? Inachukiza.

5 Julai

Mama mkwe: "Mgala muue, na haki yake mpe." Nimemwambia leo sitaki methali. Akasema basi nipe chai.

6 hadi 29 Julai

Mtama. Mchicha. Karoti. Dagaa waliosagwa, mara mbili kwa wiki. Nyumba nzima inanuka dagaa. Nimejinukia mwenyewe kazini. Sijawahi kuwapa hata ganda la mkate.

30 Julai

Jua kali, matope yamekauka barabarani.

Nilimchagua mmoja kati ya wale kumi na mmoja, si mkubwa kuliko wote. Kibandani kulikuwa na wateja wanne, afadhali. Nikasubiri Fundi akiondoe kioo jichoni.

"Mwezi wa tatu nilisimama hapa nikasema dume la huyu ni tasa," nikawaambia wale watu, ambao watatu wao hawakujua nazungumzia nini. "Nilisema uongo. Tasa ilikuwa akili yangu. Mwendelee."

Fundi akafunga kibanda saa tano mchana, jambo ambalo hajalifanya tangu mazishi. Tukaenda kwa daktari. Kisahani kimoja safari hii. Sikutazama mpaka nilipoisikia pumzi yake.

Ini lilikuwa jekundu la kuiva, kingo zake nyembamba. Nililitazama mpaka daktari akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa na kwamba miwani yake ni michafu.

Fundi alinipa foronya ya maua mlangoni kwangu. Ilikuwa nyepesi mno, nilihisi kama sijapewa kitu. Mama mkwe alikuwa tayari amesafisha kioo cha kizimba kwa gazeti.

Tulimpa kitoto kimoja cha panya. Kimoja. Mkono wangu ulikuwa umeshashika cha pili, na mama mkwe akaniangalia tu, nikakirudisha kwa mama yake.

Kisha nikalifungua daftari la marehemu, kwenye mstari ulio chini ya wake wa mwisho. Miezi mitano hii nimejaza shajara kwa ghadhabu, ningeweza kumjazia na yeye kurasa. Niliandika:

"Kitoto cha panya 1. Amekula."

Na chini yake, mtama, mchicha, karoti, dagaa robo.